Jedwali la Jumapili

Celestine alipokuwa mtoto alikuwa na tabia moja iliyowachosha watu: hakukubali kazi ifanywe kwa njia moja kabla hajaona nyingine. Tukienda kuchuma majani chai hapa kwangu Marani, mimi nikifuata mstari kutoka mwanzo hadi mwisho, yeye anapanda mteremko akikata mistari, kichaka kimoja huku, kingine kule. Tukifika juu anaangalia vikapu. Siku niliyomshinda nikamcheka, akanijibu hivi:

“Bado hatujajua, Magokoro. Upande wako una majani mengi kuliko wangu. Kesho tubadilishane.”

Magokoro ni bibi, kwetu Kisii. Na kesho yake tulibadilishana kweli, maana asingenipa amani. Nilimshinda tena. Hapo ndipo aliposadiki, na tangu siku hiyo akafuata mstari kama watu wengine. Hakuwa mbishi. Alitaka tu kuona kwa macho yake, na akishaona alikubali hata kama kilichoshindwa ni chake.

Alikuwa mtoto wa Alfayo, kifungua mimba wangu. Jina la Celestine alipewa na mama yake, Mkatoliki wa upande wa Nyamira. Sisi ni Waadventista, na mume wangu alilalamikia jina hilo hadi alipozikwa. Alfayo alifariki msichana akiwa darasa la pili. Mama yake akaolewa kwingine. Msichana akabaki na mimi, akala kwangu, akalala kwangu. Mimi nilifika darasa la saba na nikapasi, wakati ambapo wasichana wa rika langu walikuwa wanahesabiwa ng'ombe wakiwa darasa la nne, kwa hiyo nilijua kitabu ni nini. Jioni nilimsikiliza akisoma, na akikosea nilimrudisha nyuma.

Kuna siku nyingine niitaje, kwa sababu itarudi. Lori la majani lilichelewa. Kituo chetu cha kupimia kina kibanda kidogo chenye sakafu ya saruji, na ilikuwa siku ya majani mengi. Wanawake walichoka kusubiri na vikapu mgongoni, wakamwaga vyote kwa mpigo mmoja. Lundo likafika kiunoni. Lori lilipokuja, karani alitia mkono katikati ya lundo akautoa haraka. Yalikuwa yamepata moto yenyewe, yamebadilika rangi. Yakatupwa. Celestine naye akatia mkono wake mdogo, akaniangalia kwa mshangao.

“Yanaungua na hakuna moto!”

“Yamekosa nafasi ya kupumua,” nikamwambia.

Alisoma. Alienda chuo kikuu akasomea hesabu na kompyuta, akamaliza vizuri, akarudi. Sikumwita arudi, aliyemwita ni Nyakundi, mwanangu wa pili, baba yake mdogo. Kwetu hakuna baba mdogo, kaka wa baba ni baba, anaitwa tata na anaheshimiwa kama aliyekuzaa.

Nyakundi alikuwa amefungua ofisi Mosocho, ghorofani, juu ya duka la mbolea. Kazi yake ilikuwa kuwaonya wakulima juu ya mvua ya mawe. Asiyeijua mvua ya mawe ya huku kwetu aulize mwenye chai. Inakuja alasiri, inapiga muda wa kuchemsha maziwa, na majani uliyongoja wiki nzima yanalala chini kama yamekatwakatwa kwa kisu. Nyakundi aliweka milingoti yenye vipimo milimani, Kisii hadi Nyamira. Kila mlingoti unatuma namba: upepo, joto, unyevu, mawingu. Namba hizo zinapangwa kwenye jedwali moja kubwa, mistari na safu, na kila kiraka cha kilima kina mahali pake. Kompyuta inafanya hesabu juu ya jedwali hilo asubuhi, na ikiona hatari inatuma ujumbe kwenye simu zetu kabla ya saa sita. Ukipata ujumbe unachuma kilichokomaa haraka, unafunika kitalu.

Ilikuwa kazi nzuri. Nasema hivyo na uchungu wangu wote.

Mwanzoni kompyuta ilikuwa inapitia jedwali kiraka kimoja kimoja. Celestine alinieleza siku niliyowapelekea ndizi mbivu ofisini. “Ni kama mtu achume jani moja, alipeleke kituoni, arudi shambani kwa lingine.” Ilichelewa sana, na milingoti ilipoongezeka ikachelewa zaidi. Ndipo Nyakundi akaandika njia mpya. Yeye alisoma hadi ng'ambo, na njia yake ilikuwa na urembo, hata mimi niliona: mistari mirefu ya maandishi iliyojaza kioo ikawa mstari mmoja. Haupitii tena kiraka kimoja kimoja, unaliamuru jedwali lote kwa mara moja, lijumlishe, lizidishe, ligawe, na linatii lote pamoja. Aliniita nione.

“Mama, tazama. Kabla hujakaa imeshamaliza.”

“Nimeona. Nyakundi, umepata akili ya baba yako.”

“Na ya mama je?”

“Ya mama usiizoee.”

Alicheka, nami nikacheka. Nilijivunia mwanangu. Celestine alikuwa amesimama karibu na mlango na hakucheka.

Alikuwa amezilinganisha njia. Hakutumwa, ni tabia ile ile ya vikapu. Alichukua njia ya zamani, na njia ya Tata, halafu akaongeza ya tatu aliyoiandika mwenyewe: kulikata jedwali vipande vinavyotosha, kumaliza kipande kimoja chote, kukiondoa, ndipo ulete kingine. Akazipima zote tatu kwenye mashine ile ile ya ofisi, akibadilisha ipi inatangulia, akirudia, ili pasiwe na iliyopendelewa. Kwanza alitumia jedwali dogo la wadi moja. Njia ya Tata ilizishinda zote, tena kwa mbali. Akatumia jedwali zima la siku moja. Ya Tata ikashinda tena, ingawa kidogo.

Halafu akatumia jedwali la Jumapili.

Hapa ndipo penye kiini, na wasiotujua hawawezi kukiona. Ofisi ya Nyakundi ni ya Waadventista. Ijumaa jua likizama mashine inazimwa, na haiguswi Sabato yote. Lakini milingoti haisali. Inaendelea kuhesabu upepo na mawingu usiku na mchana, na Jumapili asubuhi mashine ikiwashwa, namba za siku mbili zinaingia kwa pamoja. Jedwali la Jumapili ni mara mbili ya majedwali mengine. Ofisi ya watu wengine isingekuwa na jedwali la namna hiyo. Ya kwetu ilikuwa nalo kila wiki, na hakuna aliyelifikiria, kwa sababu mtu hakai akafikiria kupumzika kwake.

“Unakumbuka kile kibanda, Magokoro?” aliniuliza tukiwa ofisini, akinimenyea ndizi. “Mashine nayo ina sakafu, ile nafasi ya kuwekea namba inapohesabu. Njia ya Tata inamwaga yote kwa mpigo mmoja, na sakafu ikitosha hakuna atakayeishinda. Lakini kila hesabu inataka lundo lingine la ukubwa ule ule pembeni. Lundo la pili, la tatu, la nne. Jumapili sakafu inajaa, na mashine inaanza kubeba majani nje kwa vikapu na kuyarudisha ndani. Siku nzima iko mlangoni. Hata ile njia ya zamani, ya jani moja moja, imefika kabla yake.”

“Na yako?”

“Yangu siku za kawaida haishindi. Jumapili inamaliza mapema.”

“Umemwambia?”

“Nitamwambia leo.”

Nyakundi alipoingia, Celestine alimwambia, mimi nikiwa pale pale kwenye kiti. Alisimama, mikono nyuma, macho chini, kama inavyotakiwa. “Tata, naomba njia mpya tuipime kwanza na jedwali la Jumapili.”

Nyakundi alikuwa anafuta vumbi kwenye viti. Alitarajia wageni kesho yake, watu waliotaka ofisi kama hiyo ifunguliwe kwingine. “Tumeshaipima, mwanangu.”

“Kwa wadi moja, Tata. Jumapili inakwama.”

“Inakwama kwa mashine ya mwaka gani? Tutanunua kubwa.”

“Kabla haijanunuliwa, tungetumia vipande siku ya Jumapili tu.”

“Vipande!” Alinigeukia mimi. “Mama, unaona vijana? Nimeondoa viraka, yeye analeta vipande. Wageni waje wanikute nashona shuka kuukuu?” Kisha akamwambia, kwa upole, sitamsingizia: “Baada ya wageni tutaangalia. Usinivuruge sasa.”

Kesho yake nilikuwepo pia, maana Nyakundi alitaka wageni wamwone mama yake, mkulima mwenye simu inayopokea ujumbe. Nilivaa kitenge changu cha kanisani. Ilikuwa Jumanne, na jedwali lililowekwa mezani lilikuwa lile dogo la wadi moja. Nyakundi alibonyeza, jibu likatoka, wageni wakapiga makofi. Mmoja wao, mwanamke mwembamba mwenye miwani, hakupiga. Aliuliza, “Mmeipima na jedwali kubwa kuliko yote mnayopata?”

“Tumeipima,” akasema Nyakundi.

Yule mwanamke akamgeukia Celestine. “Wewe ndiye unayefanya vipimo hapa, sivyo? Ilikuwaje?”

Sote tukamtazama. Sisi tuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni heshima, tena ni haya, na iko baina ya mzazi na mtoto. Mtoto hapiti mbele ya baba akamgusa, hamtaji ovyo, na mbele ya wageni hawezi kusema neno linalomfanya baba aonekane mwongo. Kati ya bibi na mjukuu haipo, ndiyo maana Celestine alinitania na kunimenyea ndizi. Lakini na Nyakundi ilikuwepo yote, kuanzia utosini hadi miguuni. Nyakundi aliijua. Angeweza kusema neno moja, “Sema, mwanangu,” na mlango ungefunguka. Alikuwa anatazama kioo cha mashine.

Celestine akainamisha kichwa. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Yule mwanamke akasubiri kidogo, kisha akaendelea na mengine.

Wageni waliondoka wamefurahi. Wiki ile njia ya Tata ikaanza kutumika kwa wakulima wote. Jumatano ujumbe ulikuja mapema, Alhamisi pia, na Ijumaa. Sabato tukasali.

Jumapili ilikuwa ya Aprili, asubuhi yenye jua la kudanganya. Jirani yangu Bosibori ana kitalu cha miche ya chai, kazi yake tangu mumewe afe, na ana wavu mnene wa kukifunika. Mwaka wa kwanza wa ofisi ya Nyakundi alikuwa bado anatazama mawingu. Mwaka wa pili akaacha mawingu, akawa anatazama simu. Mchana nilipita kwake nikamkuta amekunja wavu wote ili miche iote jua.

“Mbingu ya upande wa Nyamira imekuwa nyeusi, Bosibori.”

“Simu haijasema kitu, mama. Nyakundi wako hajawahi kukosea.”

Ilipiga alasiri. Tulikimbilia chini ya baraza yake, na kelele ya mabati ilikuwa kubwa kiasi kwamba niliona mdomo wake ukilia lakini sikusikia sauti. Ilipokwisha, kitalu kilikuwa tope na vijiti. Tulikuwa bado tumesimama pale, barafu ikiyeyuka miguuni mwetu, simu ya Bosibori ikalia mfukoni. Akaitoa, akasoma kwa sauti, polepole, kama mtoto wa shule: “Tahadhari. Mvua ya mawe inatarajiwa leo mchana. Funika miche.”

Akanipa simu niishike. Sijui kwa nini alinipa mimi.

Mkutano ulifanywa wiki hiyo hiyo, katika ukumbi wa chama cha wakulima. Angwenyi, mwenyekiti wetu, mzee wa kanisa mwenye sauti nzito, aliuliza swali moja tu: ni nani aliyepima mashine ikaonekana iko sawa? Nyakundi akasimama. Nilifikiri, sasa mwanangu atasema. Nilikuwa nimekaa mbele ili anione.

“Vipimo vyote vinafanywa na Celestine,” alisema. “Mimi naandika, yeye anapima. Hata mgeni wetu alimuuliza wazi, mbele yangu na mbele ya mama yangu, vipimo vilikuwaje. Hakusema kitu.”

Kila neno lilikuwa la kweli. Hicho ndicho kinachonila hadi leo. Angesema uongo ningekuwa na mahali pa kumshika.

Nilisimama bila kuruhusiwa. “Nyakundi! Alikuambia wewe, siku moja kabla, nikiwa nimekaa kwenye kiti chako. Alikuambia Jumapili inakwama. Na mbele ya mgeni alinyamaza kwa sababu wewe ni baba yake. Angekuvua nguo mbele ya watu?”

“Mama,” alisema Angwenyi, “kaa. Hayo ya chinsoni ni ya nyumbani. Hapa tunazungumza kompyuta.”

“Nami nazungumza kompyuta! Jedwali la Jumapili ni la siku mbili, sakafu haitoshi...”

Nyuma kijana mmoja akasema, “Haya, omong'ina sasa ni injinia!” Ukumbi ukaangua kicheko. Omong'ina ni mama mzee, ni jina la heshima, lakini siku ile lilitupwa kama ganda la ndizi. Nikaendelea kusimama. Kicheko kikapungua, lakini masikio yalikuwa yameshafungwa.

Kisha Bosibori akainuka. Yeye hakucheka. Alimtazama Celestine, aliyekuwa amekaa pembeni karibu na dirisha, akamwambia kwa sauti ya mtu aliyechoka, “Binti yangu, si ungesema tu? Neno moja. Nisingekunja wavu.”

Celestine alisimama. Alikuwa na majibu yote. Alikuwa amepima kwa haki, amerudia, amebadilisha zamu, na alijua ni kwa ukubwa gani njia ile inavunjika. Angeweza kuyamwaga yote pale, na Nyakundi asingekuwa na pa kukimbilia. Alimtazama Tata wake. Nyakundi akatazama viatu vyake.

“Ni kweli,” akasema Celestine. “Sikusema.”

Akaketi. Na mkutano ukawa umepata mtu wake.

Hakufukuzwa. Aliacha mwenyewe. Sasa anafundisha hesabu shule ndogo ya binafsi Masimba, karibu na stendi, darasa limetenganishwa na duka la viatu kwa ubao mwembamba. Anakuja kwangu mwisho wa mwezi, na tunachuma pamoja. Anafuata mstari, haangalii tena vikapu. Siku moja nilimuuliza kama hataki kurudi kwenye kazi aliyosomea.

“Nikapime nini, Magokoro? Pale kila nitakachopima, jibu limeshajulikana.”

“Kuna ofisi nyingine duniani.”

“Zipo,” alisema, na akaendelea kuchuma.

Nyakundi alikuja na nyama na blanketi. Nilimwacha asimame mlangoni.

“Mama, nilikuwa na ofisi nzima ya kulinda. Wakulima wangekosa imani nami, kazi ingekufa. Yeye ni kijana, atapata nyingine.”

“Ulimchagua yeye kwa sababu ulijua hatakujibu.”

“Mama, si hivyo.”

“Ni hivyo. Nimekuzaa, najua ukikanyaga unakanyaga wapi. Ungemtupia lawama mtoto wa mtu mwingine, angekujibu mbele ya ukumbi.”

Blanketi nililirudisha. Nyama nilimpa mbwa wa jirani, na ilikuwa nyama nzuri. Tangu hapo sijala nyumbani kwake, hata siku ya kubatizwa kwa mwanawe nilikaa nje na soda yangu mwenyewe.

Na vipande? Vinatumika. Wiki mbili baada ya mkutano Nyakundi aliiwasha njia ya Celestine, ile ya kukata na kumaliza kipande kimoja kimoja, na mashine haijakwama tena. Hakutangaza ni ya nani. Kwenye redio nilimsikia akieleza kwamba ofisi ilifanya uchunguzi wa kina, ikalinganisha njia mbalimbali, ikachagua iliyo bora. Nilizima redio kabla hawajamsifu.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwa Bosibori, tunapandikiza miche aliyoanza upya. Simu zetu zililia pamoja, hata kabla jua halijapanda vizuri. Tahadhari, funika miche. Tukaacha kila kitu, tukaukunjua wavu, yeye ncha ile, mimi ncha hii.

“Mungu ambariki Nyakundi,” alisema akivuta kamba. “Siku hizi hata Jumapili anawahi.”

“Hiyo si ya Nyakundi. Hiyo ni kazi ya Celestine.”

Bosibori alisita, akanitazama juu ya wavu kwa huruma, kama unavyomtazama mzee anayeanza kuchanganya mambo.

“Celestine? Si ndiye yule aliyenyamaza?”

Upande wa Nyamira palikuwa pameshaanza kuwa peusi. Nilimwambia ashike ncha yake vizuri, inaachia.